Magunia ya Mama Kyule

Jani la mwarubaini likikaushwa vizuri hubaki kijani. Ukilikunja mkononi linavunjika kama ganda la yai, lakini rangi ni ile ile liliyokuwa nayo mtini. Likigeuka njano, ujue jua limelila, na kampuni hailitaki. Hayo tulifundishwa na Nzomo, kijana wa kilimo wa kaunti, alipokuja hapa kwetu Kwa Mwau, mwendo kidogo kutoka Salama, akatuambia kwamba ile miti tunayofungia mbuzi ni mali. Alisema kuanzia Kitui mpaka Makueni mahindi yanatuaibisha kila mwaka lakini mwarubaini haujui kiangazi. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa tayari kununua majani makavu. Mzigo wa kwanza ukipita kwenye maabara yao, wangetuletea mashine ya kusaga hapa hapa kijijini, na vijana wetu wangeacha kukimbiza mabasi barabarani na chupa za maji.

Basi kikundi cha akina mama kikaundwa. Mwenyekiti akawa Wavinya, ambaye sote tunamwita Mama Kyule. Ni mama wa kanisa, ndiye anaanzisha wimbo, na ndiye anaitwa mtoto akitaka kutoka na hospitali iko mbali. Mkono wake umepokea nusu ya watoto wa kijiji hiki. Mtu aliyekutoa tumboni ni vigumu kumbishia.

Kukausha kulipewa Shiko. Huyu alikuwa ameolewa na Muli, mdogo wake Mama Kyule, ambaye anafanya kazi kwenye kituo cha petroli huko Mtito Andei na kuja nyumbani akipata ruhusa. Shiko ni Mkikuyu wa Sultan Hamud. Baba yake, mzee Kanyi, alikuwa na duka huko mpaka alipofariki, na duka lilipobomolewa ndugu zake Shiko wa kiume waligawana kiwanja, yeye wakamwambia abebe mabati ya paa. Aliyaleta kwa mkokoteni wa punda mpaka kwa mume wake, akajenga kibanda kirefu cha kukaushia, pande zote wazi, ndani amewamba nyavu juu ya fito, safu juu ya safu kama vitanda vya bweni. Hakuna kingine alichokuwa nacho duniani ambacho mtu angeweza kusema hiki ni cha Shiko. Hata jina la mtoto la kuitwa nalo hakuwa nalo. Mimba zilikuwa zimekuja na kutoka, na sisi huku mwanamke asiye na mtoto tunamwita jina lake tu, kama msichana.

Alikuwa mfanyakazi. Asubuhi umande ukishakauka anapokea majani, anayachambua kutoka kwenye vijiti, anayatandaza membamba, jani lisilale juu ya jani. Mchana anayageuza kwa vidole, hatumii reki, kwa sababu reki inayachubua. Mimi shamba langu linatazamana na lake, na nilikuwa nikimwona akipita katikati ya zile nyavu akiongea peke yake kama mtu anayelaza watoto.

Siku moja Mama Kyule alimkuta nyuma ya kibanda ameinama, anatapika. Akamshika mgongo mpaka akamaliza. Akamtazama macho, akamshika ukope, akaushusha chini.

"Umekosa kuona siku zako tangu lini?"

Shiko akamwambia.

"Muli anajua?"

"Bado, dada. Ile nyingine nilimwambia mapema, ikaenda. Naogopa."

"Usimwambie yeyote," Mama Kyule akasema. "Mimba changa haitangazwi. Tumbo litajisemea lenyewe. Midomo ya watu ina meno, mwanangu. Na huu mwarubaini unaoushika, uushike kwa mkono tu. Usije ukaonja hata chai yake. Inashusha mimba."

"Nimesikia."

"Ni mimi na wewe na Mungu."

Shiko alilia kwa furaha siku hiyo. Alimwona Mama Kyule ndiye mama aliyempata Ukambani.

Majani yakajaa, yakawa tayari kufungwa. Nzomo alikuwa amesema wazi: magunia yawe mapya, hayajawahi kubeba kitu. Lakini mwambie Mkamba atupe gunia zima! Gunia likichakaa linakuwa mkeka wa kuanikia kunde, mkeka ukichakaa unakuwa mlango wa banda la kuku. Mama Kyule alikuwa na rundo la magunia ya ndengu kwa ghala lake, mazima kabisa, na akaona kununua mengine ni upuuzi wa watu wa ofisi. Akayaleta kwa Shiko yamekunjwa vizuri.

Shiko akakunjua moja, akaligonga juu ya jiwe. Vumbi jeupe likaruka kutoka kwenye mishono. Akalinusa. Ni ile dawa ya unga tunayochanganya na ndengu wadudu wasizitoboe. Kila nyumba hapa inaijua hiyo harufu, inakaa kwa koo. Akayafunga magunia tena, akayapeleka kwa mwenyewe. Alimkuta anachagua mawe kwenye muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na Kalunde ameketi kando yake. Kalunde, Mama Mwau, ni yule wa mdomo. Hakuna matanga hapa kwetu ambayo hajachekesha watu.

"Dada, haya magunia yana dawa ya wadudu."

"Nimeyakung'uta."

"Bado inatoka. Nzomo alisema—"

"Nzomo amezaliwa juzi, mimi ndiye nilimkata kitovu," Mama Kyule akasema. "Tumekula ndengu za magunia haya tangu nikiwa msichana. Umeona nimekufa?"

"Sisi tunakula baada ya kuosha, dada. Haya majani hayaoshwi."

Kalunde akacheka. "Wakikuyu! Walitufundisha biashara, sasa wanataka kutufundisha gunia."

"Sijasema hivyo, Mama Mwau."

"Wewe funga majani," Mama Kyule akasema. "Lori linakuja kesho. Ama unataka lipate mzigo umelala chini kwa sababu pua yako ni ya Kizungu?"

Shiko akarudi na magunia. Aliyageuza nje ndani, akayapiga kwa fimbo mpaka mkono ukamlegea, akayaanika. Kisha akafunga. Angefanya nini? Aliyemwambia afunge ni mwenyekiti, tena ni wifi yake mkubwa, tena ndiye peke yake aliyekuwa na siri yake.

Lori likachukua mzigo. Tukaimba. Mama Kyule akaombea magurudumu.

Mzigo ulirudi. Lori lile lile lilishusha magunia mbele ya kanisa, na Nzomo akaja nyuma yake kwa pikipiki, uso umemwanguka. Akawaambia akina mama waliokusanyika kwamba maabara imekuta dawa ya kuua wadudu ndani ya majani, na kampuni imeyakataa yote. Wamekubali kujaribu mara ya pili, lakini kwanza kikundi kitafute ni wapi sumu iliingilia, na aliyehusika asiguse mzigo tena. Mashine ingekwenda kwa kikundi kingine huko Kitui kama hilo halitafanyika upesi. Alipomaliza akapanda pikipiki, kwa sababu alikuwa anangojewa mahali pengine.

Kalunde akauliza lile ambalo kila mtu alikuwa analifikiria.

"Majani yalitoka kwetu yakiwa mabichi na safi. Yalikaa kwa nani?"

Wote wakamgeukia Shiko.

Shiko akasimama. Ni mtu wa sauti ndogo. "Yalikaa kwangu. Lakini magunia yalitoka kwa Mama Kyule. Yalikuwa ya ndengu. Nilimwambia, na Mama Mwau alikuwepo."

"Mimi?" Kalunde akasema. "Mimi nilikuja kuomba chumvi."

Sasa mwelewe Mama Kyule alikuwa amesimama wapi. Kama sumu ni ya magunia, basi aliyehusika ni yeye. Angetoka kwenye kiti, na mashine ambayo alikuwa ameshaichimbia msingi nyuma ya nyumba yake ingewekwa kwingine. Hakupandisha sauti. Alifungua leso, akaifunga tena kiunoni.

"Akina mama," akasema, "mimi sitaki kugombana na mke wa ndugu yangu. Muli nilimlea mimi, mama yetu alipolala. Kwa hivyo huyu ni kama mtoto wangu. Lakini mtoto akisema uongo mbele ya watu, hukumu nayo iwe mbele ya watu. Anasema magunia yangu yana sumu. Mimi nasema magunia yangu hayana kitu, na kama kuna kitu, kiliingilia kwenye kibanda, kwa mkono wa mtu. Sasa tuyachemshe majani haya haya, tunywe. Mimi nitaanza. Mwenye dhamiri safi atakunywa. Aliyeweka kitu anajijua, na hatakunywa."

Ndila, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa na Shiko kanisani kwenye benchi moja, akauliza kwa woga, "Si hiyo ni kama kile kiapo cha wazee? Pasta atasema nini?"

"Kiapo gani? Hii ni chai," Mama Kyule akasema. "Si mwarubaini ni dawa? Si ndiyo tunataka kuuzia dunia?"

Wakacheka, wakainua mawe matatu, wakaweka sufuria ile kubwa ya harusi. Gunia likafunguliwa, konzi kwa konzi zikaingia. Maji yakawa meusi. Mwarubaini ulioiva kwa moto uchungu wake hausemeki, unaweza kutia ndani mafuta ya taa na hakuna ulimi utakaojua. Mama Kyule akaombea sufuria macho yamefumbwa, akachota kwa upawa, akanywa kikombe kizima. Akakunja uso, akasema, "Asante Yesu," na akina mama wakapiga makofi.

Kikombe kikazunguka. Kalunde akanywa akajishika kiuno na kutembea kama kuku aliyemeza mfupa, watu wakaanguka kwa kicheko. Ndila akaziba pua akanywa. Kila aliyekunywa alisimama upande wa mlango wa kanisa, na upande huu wakabaki wachache, kisha wakabaki wawili, kisha Shiko peke yake.

Mama Kyule mwenyewe ndiye alimchotea. Akajaza hadi ukingoni, akampelekea kwa mikono miwili, kama vile mgeni anavyopewa.

"Haya, mwanangu."

Shiko akakipokea. Mvuke ulimpanda usoni. Akamtazama wifi yake machoni, kwa karibu, akingoja. Mama Kyule naye akamtazama, hakupepesa.

"Kunywa tu, mama, ni kidogo," Ndila akasema kutoka mlangoni. "Umalize tuende nyumbani."

"Siwezi."

"Eeeh!" wakasema wote pamoja.

"Siwezi kunywa mwarubaini." Akakishusha kikombe. "Nina mimba."

Kalunde akaanza, na wengine wakafuata.

"Mimba! Miaka yote tunangoja, kumbe ilikuwa inangoja sufuria!"

"Na Muli yuko Mtito Andei. Labda amemtumia kwa simu."

"Angalia kama umepata ujumbe, Shiko! Ya kutoa ni ngapi?"

"Mama Kyule anajua," Shiko akasema. Chai ilikuwa inamwagikia vidole. "Nilimwambia. Yeye mwenyewe alinikataza mwarubaini. Dada, waambie. Nakuomba. Sitaki kibanda, sitaki kitu. Waambie tu nisinywe."

Kicheko kikakatika. Wote wakamtazama mwenyekiti.

Mama Kyule akaweka upawa juu ya kifuniko taratibu. Akapangusa mikono.

"Akina mama, mnanijua," akasema. "Mke wa Muli akishika mimba, mimi ndimi shangazi wa huyo mtoto. Kama ningeambiwa habari kama hiyo, vigelegele vyangu si vingesikika mpaka Salama? Sijaambiwa."

Shiko akainua kikombe mpaka kwenye midomo. Wapo wanaosema alilowesha ulimi. Ndila, aliyekuwa akimtazama, anasema hapana. Alikishikilia hapo, akapumua, kisha akainama akakiweka chini polepole, karibu na miguu ya Mama Kyule, bila kumwaga. Akaenda nyumbani. Nyuma yake mtu alianza wimbo wa kufukuza shetani, na wengine wakaupokea.

Hakuna aliyekufa kwa ile chai. Wengine waliharisha, lakini mwarubaini huharisha mtu hata ukiwa msafi. Kesho yake asubuhi kila mama alikuwa amesimama shambani kwake mzima, na kila mmoja alikuwa shahidi kwamba majani hayakuwa na sumu wakati yalipotoka kwenye magunia, na kwamba Mkikuyu aliogopa kitu anachokijua. Ukiwauliza ilikuwaje basi maabara ikakuta dawa, wanakwambia, "Si ndiyo tunasema? Aliiweka." Hayo mawili hayakai chungu kimoja, lakini watu waliyapika pamoja wakashiba.

Katiba ya kikundi inasema anayeharibu mali ya wote, mali yake inachukuliwa. Kwa mwingine wangebeba mbuzi, sufuria na godoro, kama tunavyofanyiana. Kwa Shiko waliamua mabati.

Mama Kyule alimpigia Muli simu kabla mke wake hajampigia. Muli alifika siku ya pili na nguo zake za kazi, zinanuka petroli. Alipita kwa dada yake kwanza, akanywa chai ya maziwa. Alipofika kwake alimkuta Shiko ameketi chini ya kibanda, nyavu tupu juu yake.

"Ulikunywa ama hukunywa?"

"Muli, nina mtoto tumboni."

"Nimekuuliza kitu kimoja."

"Sikunywa."

"Basi."

"Dada yako anajua. Alinishika ukope—"

"Dada yangu alinibeba mgongoni akienda shule, Shiko. Aliacha shule kwa ajili yangu. Unataka niende nimwambie ni mwongo? Mbele ya kijiji?"

"Mtoto ni wako."

"Wale wengine pia walikuwa wangu," akasema.

Kikundi kilipokuja na mkokoteni, yeye mwenyewe ndiye alipanda juu. Alisema vijana wa watu watayapinda. Niliona kutoka kwangu. Muli ni mtu wa mikono mizuri, hakuharibu hata moja. Alikuwa aking'oa msumari, anaunyoosha kwa kuugonga juu ya boriti, anautia kwenye mkebe, kisha anang'oa mwingine. Chini Kalunde alikuwa akipokea bati na kutaja kila doa la kutu. Shiko alisimama hapo akiwashikia ngazi, kwa sababu Muli alimwambia aishike.

Mabati yalipanda kwa Mama Kyule, yakawa kibanda kipya. Mzigo wa pili ulifungwa kwenye magunia mapya, yenye plastiki ndani, na Mama Kyule alisimama kanisani akafundisha watu kwa nini gunia la ndengu haliwezi kubeba majani ya mwarubaini. Aliyafafanua vizuri sana. Maabara ikapitisha. Mashine ikaja na sherehe, Nzomo akakata utepe, na sasa ukipita hapa mchana unaisikia ikinguruma. Ni kweli imetusaidia. Paa nyingi zimebadilishwa hapa kwetu, na watoto wanaenda shule na viatu.

Na tumbo la Shiko lilikuwa likikua. Aliteka maji mtoni na tumbo limemtangulia, akakutana nao njiani, na hakuna aliyelitaja. Mngedhani wangemhurumia. Walimchukia zaidi. Mtu uliyemwonea kwa makosa anakutembelea kila siku na ushahidi umefungwa kwa kanga, utampendaje? Kalunde alianza kusema si ya Muli. Ndila alihama ile benchi.

Alijifungulia Makindu hospitalini, peke yake. Hakumwita mtu wa kijiji. Msichana, mzima, mwenye nywele nyingi.

Akina mama walikuja kumwona mtoto, kwa sababu mila haiachi nyumba. Walileta uji, ndizi na sabuni. Mama Kyule aliingia mbele, akampakata mtoto, akamgeuza kwenye mwanga, akamtazama masikio na vidole.

"Tuliomba sana kwa ajili ya huyu," akasema.

"Amina," wakasema.

"Mshukuru dada," Muli akasema.

Shiko alikuwa kitandani. Aliwatazama wote, mmoja mmoja.

"Asante, dada," akasema.

Hakuwa na kibanda, na Muli alikuwa amepunguza kuja. Mtoto alipoweza kushika kichwa, Shiko alimfunga mgongoni akapanda kwa mashine kuomba kazi ya kugeuza majani. Aliwakuta wasichana wa juzi wanayageuza kwa reki. Majani yalikuwa yakianza kuwa njano pembeni. Mama Kyule alikuwa mlangoni na koti jeupe ambalo kampuni ilimpa.

"Kazi ipo," Mama Kyule akasema. "Na wewe unaijua, hilo siwezi kukataa." Akanyoosha mkono, akamfunika mtoto kichwa kwa kanga. "Lakini hapa kuna vumbi la mwarubaini kutwa nzima. Na wewe unanyonyesha. Nitaanzaje kuhatarisha mtoto wa ndugu yangu? Mimi siyo mtu wa hivyo. Akikua, uje tuongee."

Wasichana waliacha reki, wakasikiliza. Mtoto alipiga chafya mara moja kwa lile vumbi, na Mama Kyule akasema, "Umeona?"

Shiko akageuka, akateremka na njia.